Siku moja Valencia, jiji lililokataa barabara likachagua bustani

Valencia ina mto usio na maji. Ukisimama kwenye daraja lolote kati ya madaraja yake 18 ukachungulia chini, huoni mashua wala samaki. Unaona watoto wakigonga mpira, wazee wakitembeza mbwa, vijana wamelala kwenye nyasi na spika ndogo kando, na wasee wa mbio wakipita kwa kasi kama mathree ya Rongai iliyoona abiria mbele.

Hili ndilo jiji la tatu kwa ukubwa Uhispania baada ya Madrid na Barcelona, lenye wakazi zaidi ya 800,000. Mimi na binamu yangu, ambaye anafanya kazi Barcelona, tulipita hapo Alhamisi moja ya mwezi Mei tukielekea Granada kwa gari. Watu wengi wakifika Uhispania hukimbilia Madrid na Barcelona kupiga picha, Valencia wanaisikia tu wakati wa mpira. Lakini kama unatoka jiji kama Nairobi, ambako kila kipande cha ardhi kina mtu anayekimezea mate, hapa ndipo pa kuja. Raha unayoiona Valencia watu waliipigania. Na kuna majirani zao ambao hadi leo wanauliza kwa nini wao walisahaulika.

Kama Nairobi hadi Kisumu

Kutoka Barcelona hadi Valencia ni kilomita kama 350, yaani Nairobi hadi Kisumu hivi. Tuliondoka saa kumi alfajiri, chupa ya chai katikati ya viti, binamu akiendesha, mimi nikiwa DJ.

Barabara yenyewe inaitwa AP-7. Inashuka kusini, Bahari ya Mediterania ikiwa mkono wa kushoto. Zamani ilikuwa ya kulipia. Mikataba ya kampuni zilizokuwa zikiisimamia ilipokwisha, serikali haikuirefusha. Kipande cha kutoka Tarragona kwenda Valencia hadi Alicante kikawa bure kuanzia Januari 1, 2020, na kile cha Barcelona kikafuata mwisho wa Agosti 2021. Nilipomweleza binamu bei ya kupita Expressway yetu kutoka Mlolongo hadi Westlands, alitikisa kichwa tu na kuongeza mwendo.

Jua lilichomoza tukiwa karibu na Castellón. Kutoka hapo ni michungwa tu, safu kwa safu, kushoto na kulia, hadi unapoanza kuona maghorofa ya Valencia. Gari tuliliacha nje ya mji wa kale. Vichochoro vya katikati ni vyembamba kama vya Mji wa Kale wa Mombasa, na magari mengi hayaruhusiwi kuingia. Kuanzia hapo ilikuwa ni miguu na baiskeli za kukodi.

Marikiti yenye dari ya vioo

Kituo cha kwanza kilikuwa sokoni, kwa sababu soko kuu la Valencia, Mercado Central, hufunguliwa saa moja unusu asubuhi na kufungwa saa tisa mchana. Ukichelewa umekosa. Jengo lenyewe lilifunguliwa mwaka 1928. Lina ukubwa wa zaidi ya mita 8,000 za mraba, kuba za chuma na vioo, na vigae vya rangi hadi juu. Chukua Marikiti yetu, ondoa tope, weka mwanga wa kanisa, halafu acha kelele kama zilivyo. Akina mama wanabishana bei. Vijana wanasukuma mikokoteni wakipiga kelele watu wapishe. Kuna mapaja ya nguruwe yaliyoning'inizwa kama makoti, konokono walio hai kwenye nyavu, mikunga wanaojinyonganyonga kwenye beseni, na nyanya kubwa kama ngumi ya mjengo.

Hapo ndipo mimi na binamu tulianza mchezo wa maneno. Muuzaji wa viungo alikuwa ameandika bei kwenye vibao. Azafrán, hiyo ni zafarani. Azúcar, sukari. Limón, limau. Berenjena, biringanya. Haki, kwa nusu saa nilijihisi nakijua Kihispania.

Sababu ipo. Valencia ilikuwa mji wa Waislamu, ukiitwa Balansiya, kwa karne kadhaa hadi mfalme Jaume wa Kwanza wa Aragón alipouteka mwaka 1238. Watawala waliondoka, maneno yakabaki, pamoja na mazao na mifereji ya kumwagilia mashamba. Kwetu pwani maneno hayo hayo yalifika kwa jahazi. Ziwa kubwa lililo kusini mwa Valencia, ambako mpunga hulimwa, linaitwa Albufera, jina lililotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya bahari ndogo. Ukilisema polepole unaisikia "bahari" humo ndani.

Ukitoka sokoni, ng'ambo tu ya barabara, kuna La Lonja de la Seda, soko la zamani la hariri. Ujenzi wake ulianza mwaka 1482 na tangu 1996 liko kwenye orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Ndani kuna nguzo ndefu zilizosokotwa kama kamba. Juu ukutani, kwa Kilatini, wafanyabiashara wa zamani waliandikiwa onyo: asiyedanganya kwa ulimi wala kumpunja mwenzake ndiye atakayefaidi mali yake hapa na akhera. Nilifikiria wale jamaa wa kuuza simu mtaani, unafika nyumbani unafungua boksi unapata kipande cha sabuni.

Mahakama isiyo na karatasi wala mawakili

Tuliipanga safari iangukie Alhamisi kwa sababu moja. Kila Alhamisi saa sita mchana, nje ya Mlango wa Mitume wa Kanisa Kuu la Valencia, mahakama ya maji hukutana. Inaitwa Tribunal de les Aigües. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2009, na watu wa Valencia husema ina zaidi ya miaka 1,000.

Majaji wake ni wakulima. Wanachaguliwa na wakulima wenzao wanaotumia mifereji minane inayochota maji ya mto Turia. Saa ya kanisa ikigonga, wanatoka na kukaa kwenye viti vya mbao vilivyopangwa nusu duara, wamevaa majoho meusi. Tarishi wao anaita mfereji mmoja baada ya mwingine: kuna mshtakiwa? Kesi ni za mtu kuiba maji zamu isiyo yake, kuharibu mfereji, kutosafisha sehemu yake, au kuachilia maji yakafurika kwa shamba la jirani. Mlalamishi anaongea, mshtakiwa anajitetea, kila kitu kwa mdomo na kwa lugha ya Kivalencia. Uamuzi unatolewa papo hapo na hakuna rufaa.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni hili: jaji anayewakilisha mfereji wa mshtakiwa hashiriki kuamua kesi hiyo. Yaani walishaelewa kitambo kwamba huwezi kuwa mchezaji na refa. Leta hiyo sheria kwa kamati zetu za zabuni tuone ni nani atabaki mezani.

Siku hiyo hakukuwa na kesi hata moja. Tarishi aliita mifereji yote minane, kimya, wazee wakainuka na kwenda zao. Haikufika hata dakika kumi. Watalii waliokuwa wamesubiri saa nzima na simu hewani walinung'unika. Binamu akaniambia, "Wewe ulitaka watu wagombane ndiyo ufurahi?" Alikuwa na pointi. Mahakama ambayo watu wanaiogopa kiasi cha kutoiba maji inafanya kazi yake hata ikikaa kimya.

Wali, sungura na ukoko

Saa nane ni wakati wa chakula cha mchana, na Valencia chakula cha mchana ni paella. Jina hilo kwanza ni la kikaango chenyewe, kile kipana chenye masikio mawili. Wengi wetu tumezoea picha za paella iliyojaa kamba na kome. Hiyo ipo, lakini ile ya asili ya Valencia ni chakula cha shambani. Inapikwa kwa nyama ya kuku na sungura, maharagwe mabichi mapana, maharagwe meupe makubwa yanayoitwa garrofó, nyanya, zafarani na mchele, mara nyingine na konokono. Wapishi wa kweli wanatumia kuni za michungwa.

Na usiguse mapishi yao. Mwaka 2016 mpishi maarufu wa Uingereza, Jamie Oliver, aliweka mtandaoni paella yake iliyotiwa soseji ya chorizo. Wahispania walimshukia kama vile mtu ametia githeri kwa pilau ya Mombasa. Mimi binafsi nawaelewa.

Lakini siri ya paella iko chini ya kikaango. Wali ukikaribia kuiva, mpishi anauacha ushike kidogo, ugande na kuwa kahawia. Wenyewe wanaita socarrat. Sisi tunaita ukoko. Utoto wangu wote tumepigania ukoko kwa sufuria ya nyanya, leo nimekaa kwa hoteli ya Ulaya, mhudumu ananiletea kijiko maalum cha kuukwangua kama vile ni dhahabu. Tulikula wawili kikaango kizima. Kitu kingine: wenyeji huila mchana. Ukiona hoteli inakuitia paella saa nne usiku, jua umeonekana mtalii.

Baadaye tulishushia horchata, kinywaji cheupe, baridi na kitamu, unachochovya mkate mrefu laini unaoitwa fartón. Nilidhani ni maziwa. Kumbe hakuna hata tone la maziwa. Inatengenezwa kwa vijinundu vya mzizi wa mmea uitwao chufa, unaolimwa mashamba ya Alboraia, kaskazini tu mwa jiji. Nilipoutafuta mmea huo kwenye simu nikabaki mdomo wazi: ni ndago. Ile jamii ya magugu ambayo mkulima wa kwetu analima leo, kesho imeota tena, analaani. Wenzetu wanaiosha, wanailoweka, wanaisaga, wanaikamua, halafu wananiuzia glasi kwa yuro 3 na nusu, karibu shilingi 500. Vijana wa kilimo-biashara, kazi kwenu.

Mto uliohamishwa

Sasa turudi kwa ule mto. Tulikodi baiskeli karibu na Torres de Serranos, lango la jiji lililojengwa mwishoni mwa karne ya 14, tukateremka hadi mahali ambapo zamani ungezama.

Mto Turia ulipita katikati ya Valencia kwa karne nyingi, na kila baada ya muda ulifurika. Oktoba 14, 1957 ulifurika vibaya kuliko ilivyowahi kukumbukwa. Maji yaliingia hadi katikati ya jiji na watu wasiopungua 81 wakafa. Serikali ya Franco ikaamua kuuhamisha mto wote. Ulichimbwa mkondo mpya wa kilomita 12 hivi, mpana, ukazunguka kusini mwa jiji hadi baharini. Sehemu ya gharama ilitoka mifukoni mwa watu wa kawaida: ukituma barua kutoka Valencia, ilikubidi ubandike stempu ya ziada ya sentimo 25 kwa ajili ya mradi huo.

Mto ukahama. Nyuma ukaacha mtaro mkubwa, mtupu, ukikata jiji kutoka mwanzo hadi mwisho. Unadhani wakuu waliona nini hapo? Waliona barabara. Mpango ulikuwa kupitisha barabara kuu ndani ya mkondo wa zamani, magari yatoke upande wa Madrid hadi bandarini bila kusimama.

Wakazi wakakataa. Miaka ya 70, utawala wa Franco ukielekea ukingoni, vikundi vya mitaa vilianza kampeni yenye ujumbe rahisi kwa Kivalencia: mkondo wa Turia ni wetu na tunautaka uwe wa kijani. Kumbuka hii ilikuwa nchi iliyotoka kwa udikteta, ambapo kuandamana hakukuwa mchezo. Desemba 1976, mwaka mmoja baada ya Franco kufa, Mfalme Juan Carlos alilikabidhi jiji mkondo huo. Miaka ya 80 msanifu Ricardo Bofill akapewa kazi ya kuchora bustani, na ikaanza kufunguliwa kipande kwa kipande.

Matokeo yake ni Jardín del Turia, bustani ya kilomita 9 hivi ndani ya mto. Tuliipitia karibu yote kwa baiskeli. Hakuna lango, hakuna tiketi, hakuna askari wa kukuuliza unafanya nini kwenye nyasi. Kuna viwanja vya mpira, vya raga na vya besiboli. Kuna Gulliver mkubwa aliyelala chali, na watoto wanateleza kwenye nywele, nguo na miguu yake. Niliona wanafunzi wamekaa duara na kitarutaru, kikundi cha akina mama wa Amerika Kusini wakisherehekea siku ya kuzaliwa na baluni, na wapenzi wawili waliogombana kwa Kiarabu kisha wakapatana. Magari yanapita juu, kwenye madaraja. Chini hata honi huisikii vizuri.

Nilimkumbuka Wangari Maathai. Mwaka 1989 alisimama peke yake dhidi ya jumba la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa Uhuru Park, akatukanwa, na bado jumba halikujengwa. Uhuru Park si kilomita 9, lakini vita ni vile vile.

Pale ambapo Kiptum alijitambulisha

Upande wa baharini bustani inafika kwa majengo meupe yanayofanana na mifupa ya nyangumi na jicho kubwa linalofumba. Ni Jiji la Sanaa na Sayansi, kazi ya Santiago Calatrava, mzaliwa wa Valencia. Felix Candela naye alichora sehemu ya hifadhi ya viumbe vya baharini. Hapa ndipo kila mtu hupiga picha, nasi tulipiga.

Lakini kwa Mkenya mahali hapa pana maana nyingine. Kila Desemba, marathoni ya Valencia humalizikia hapa, wakimbiaji wakipita kwenye jukwaa la buluu lililowekwa juu ya maji. Desemba 4, 2022 kijana asiyejulikana sana alikimbia hapa marathoni yake ya kwanza maishani akamaliza kwa saa 2:01:53. Hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa amewahi kuanza kwa kasi hiyo. Alikuwa Kelvin Kiptum. Miezi kumi baadaye alivunja rekodi ya dunia Chicago kwa 2:00:35. Februari 11, 2024 akafariki katika ajali ya gari, akiwa na miaka 24.

Hapa Valencia pia ndipo Kibiwott Kandie aliweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni mwaka 2020 kwa dakika 57:32, na Agnes Ngetich akawa mwanamke wa kwanza kukimbia kilomita 10 za barabarani chini ya dakika 29, Januari 2024. Jiji ni tambarare, hewa ya Desemba ni baridi ya kadiri, na watu wake wanapenda mbio kikweli. Ndani ya bustani kuna hata njia maalum ya kilomita 5 kwa wakimbiaji. Jamaa mmoja aliyekuwa akijinyoosha alituuliza tunatoka wapi. Kusikia "Kenia" akaweka mkono kifuani, akasema neno moja tu: Kiptum.

Tulikaa kando ya maji hapo kwa muda. Hatukuongea sana.

Kanjo wako kila mahali

Kurudi katikati ya jiji tulipitia vijana wa Senegal wanaouza mikanda na miwani. Bidhaa zimetandazwa kwenye shuka, na kila pembe ya shuka imefungwa kamba. Mwenye shuka anazishika kamba zote nne mkononi. Polisi wakitokea, anavuta mara moja, shuka inakuwa gunia, anatoweka. Binamu alimsalimia mmoja kwa Kihispania tukapiga stori kidogo. Nilimwambia kwetu hao watu wanaitwa kanjo. Alilipenda hilo neno, akalirudia mara tatu, macho yake yakiwa bado kwenye kona ya barabara.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Ruzafa, mtaa ambao vijana wa Valencia hukesha. Maduka ya vitabu, vinyozi wa Kimorocco, mikahawa iliyomwaga viti hadi barabarani. Jina lenyewe limetokana na Kiarabu, na huko nyuma lilikuwa jina la bustani. Ukiwa na usiku mmoja, upitishe hapa.

Upande wa pili wa mkondo

Mwezi Mei jua la Valencia hutua saa tatu usiku, kwa hivyo saa mbili bado kulikuwa na mwanga. Binamu akasema kuna mahali lazima tufike kabla ya kuondoka. Tukaendesha gari hadi mtaa wa San Marcelino, kusini, tukaliacha, tukatembea hadi daraja la waenda kwa miguu.

Chini yake ndio mkondo mpya wa Turia. Hakuna aliyeupamba huu. Ni mtaro mkavu, mpana kuliko Thika Road, na kingo zake zimesakafiwa. Ng'ambo ni La Torre, na mbele yake miji midogo ya Paiporta, Benetússer, Alfafar na Catarroja.

Oktoba 29, 2024 mvua kubwa ilinyesha milimani. Mkondo mpya ulijaa maji lakini ukahimili, na katikati ya Valencia hakukuingia maji. Upande huu wa kusini mambo yalikuwa tofauti. Korongo linaloitwa Poyo, ambalo siku nyingi huwa kavu, lilishuka na maji na matope, likapita ndani ya miji hiyo. Sehemu nyingine mvua hata haikuwa imenyesha. Tahadhari kwenye simu ilitumwa saa mbili na dakika 11 usiku. Wakati huo kuna watu walikuwa tayari wamenaswa kwenye magari, gereji na nyumba za chini. Zaidi ya watu 220 walikufa mkoani Valencia.

Siku zilizofuata, kabla msaada wa serikali kuenea, daraja hili lilijaa watu. Maelfu, wengi wao vijana, walivuka kwa miguu kutoka jijini wakiwa na mafagio, makoleo na maji ya kunywa. Hao ndio vijana ambao wazee wa Uhispania huwaita kizazi cha kioo, ati wakiguswa kidogo wanavunjika. Binamu yangu alikuja kutoka Barcelona wikendi iliyofuata na wenzake watano wa kazini. Aliniambia walipewa nyumba ya bibi mmoja, wakatoa tope ndoo kwa ndoo tangu asubuhi hadi giza. Picha za harusi za bibi zilikuwa ndani ya tope hilo. Walizisuuza moja moja na kuzianika kwa kamba ya nguo.

"Tuliporudi upande ule wa jiji," alisema akionyesha nyuma, "watu walikuwa kwa mikahawa wanakunywa kahawa. Dakika ishirini kwa miguu. Sikuwachukia, lakini sikuweza kukaa nao."

Kwenye ukuta mmoja wa La Torre alama ya tope bado ilionekana, juu kidogo ya kichwa changu. Kwa mwaka mzima baada ya mafuriko watu waliandamana kutaka kiongozi wa jimbo, Carlos Mazón, aondoke. Novemba 2025 alitangaza kujiuzulu.

Sisi pia tuna mwaka 2024 wetu. Aprili na Mei mwaka huo maji yaliingia Mathare na Mukuru, kisha matingatinga yakafuata kubomoa nyumba zilizo kando ya mto, na familia zikalala nje kwenye mvua. Jiji letu jina lake ni la Kimaasai, na maana yake ni maji baridi. Tumeujengea mto ukuta, tumeutupia taka, na ukifurika tunamlaumu aliyekosa pa kwenda. Valencia iliuhamisha mto wake, ikaokoa katikati ya jiji, na wakazi wakahakikisha nafasi iliyobaki ni ya kila mtu. Hayo tunaweza kuyaiga. Lakini siku mipango ya mito ya Nairobi inapochorwa, swali la pale darajani liulizwe pia: maji yakitolewa hapa, yanaenda kwa nani?

Tulivuka mkondo huo kwa gari saa tatu na nusu, giza likiingia, Granada ikiwa bado mbali.

Ukipanga kwenda

Nenda Alhamisi, uone soko asubuhi na mahakama ya maji saa sita. Jumapili soko hufungwa. Mkenya anahitaji viza ya Schengen, ada yake ni yuro 90, na ukikataliwa hurudishiwi, kwa hivyo panga karatasi zako vizuri. Ukitaka kuendesha gari mwenyewe beba leseni ya kimataifa pamoja na ile ya nyumbani. Ukija kwa ndege, metro inakutoa uwanjani hadi katikati ya jiji. Katikati ya Machi kuna sherehe za Fallas, sanamu kubwa huchomwa moto usiku wa tarehe 19, na vyumba huwa ghali. Desemba njoo kwa marathoni. Bendera beba, utapata mtu wa kumpigia kelele.